Nuru ya Mfukoni Haitoshi

Msomaji, kuna neno ambalo watu wema husema kwa nia njema, na ubaya wake hauonekani upesi kwa sababu limevikwa vazi la huruma. Husema kwamba nchi kame za kaskazini zimekwisha pata dawa ya giza lao. Mchungaji ana taa ya jua shingoni, mkimbizi ana betri mfukoni, mwuguzi ana tochi ya kichwani, na msafiri ana hazina ya umeme mkobani. Waya wa nini tena? Nguzo za nini jangwani? Mimi ni mwalimu wa shule. Nimefundisha Lodwar, na sasa nafundisha Kakuma, kadiri ya kilomita 120 upande wa kaskazini-magharibi. Nimeishi na betri hizo kila usiku, nazithamini, na siendi safari bila moja. Kwa hiyo ninapoyapinga maneno hayo, sipingi chombo nisichokijua. Nasema kwamba betri ya kubebeka ni mtumishi mwema aliyefanywa kisingizio, na kisingizio hicho yapasa kikataliwe, hasa na ninyi vijana mnaosoma ukurasa huu.

Tuanze kwa kumpa mtumishi haki yake, maana mashtaka yasiyotaja wema wa mshtakiwa hayaaminiki. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alipanga visahani vya madini mawili, akatia kati yake vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata umeme uliotiririka mfululizo. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alifanya betri ya risasi na asidi iliyoweza kujazwa tena baada ya kwisha, na uzao wake ungali unawasha motokaa zetu mpaka leo. Wazee wetu walitumia mawe ya tochi na mawe ya redio, ambayo yalipodhoofika yalianikwa juani kwa matumaini, na yalipokufa yalitupwa. Kisha mwaka 1991 betri za ioni za lithiamu zilianza kuuzwa, nyepesi kuliko zilizotangulia na zenye kubeba umeme mwingi zaidi. Mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Hazina ndogo ya umeme iliyo katika mkoba wako ni tunda la zaidi ya miaka 200 ya fikira za watu, na si haki kuidharau.

Wala manufaa yake si madogo. Mwezi wa Novemba 2019 mvua iliporomosha milima ya Pokot Magharibi, watu zaidi ya 50 wakafa, na barabara ya Kitale kwenda Lodwar ikakatika. Abiria aliyekwama siku kama zile hana rafiki aliye bora kuliko simu yenye uhai. Laga zetu nazo, ambazo asubuhi ni mchanga mtupu, jioni huweza kuwa mto wa kutisha, na dereva aliye ng'ambo moja hupata habari za ng'ambo ya pili kwa simu tu. Mkunga anayeitwa usiku wa manane hahitaji hotuba juu ya maendeleo. Ahitaji mwanga ambao hautamlazimu kuushika kwa meno. Hata wenye waya wana siku zao za giza. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya, na uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukashikwa na giza pamoja na vibanda vya mitaani.

Lakini tazama tofauti, msomaji, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Mtu wa Nairobi huweka betri kama mkulima awekavyo akiba ghalani: ni kinga ya siku mbaya. Mtu wa Kakuma aambiwa aifanye akiba kuwa chakula cha kila siku, kisha ashukuru. Chombo ni kile kile, lakini kwa mmoja ni tahadhari na kwa wa pili ni maisha yote. Mtu aishiye kwa akiba peke yake haitwi tajiri, hata kama ghala lake ni zuri.

Ubaya wa kwanza wa kuishi hivyo ni bei. Maskini hulipa zaidi, na hesabu yake ni nyepesi. Simu ya kisasa yenye betri ya miliampea-saa 5,000 hubeba kadiri ya wati-saa 19. Tuhesabu 25, kwa sababu umeme fulani hupotea njiani kwa joto. Mwenye simu hiyo akienda kibandani akalipa shilingi 20 kuijaza, itambidi aijaze mara 40 kabla hajatumia kilowati-saa moja, yaani ile ambayo wenye mita huiita uniti. Mara 40 kwa shilingi 20 ni shilingi 800. Mtu wa mjini mwenye waya hununua uniti hiyo hiyo kwa kadiri ya shilingi 30. Bibi kizee mwenye simu ndogo ya vitufe hali yake ni mbaya zaidi. Betri yake ni ya miliampea-saa 1,000 tu, na hata akitozwa shilingi 10, uniti moja humfikia kwa kadiri ya shilingi 2,000. Simlaumu mwenye kibanda. Yeye naye amenunua dizeli iliyosafiri mbali, na mashine yake hula mafuta hata pale simu zilizochomekwa ni tatu. Nawalaumu wale waionao foleni ya kibandani wakaiita ufumbuzi.

Ubaya wa pili ni udanganyifu. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alileta darasani hazina ya umeme aliyoinunua sokoni kwa fedha aliyoipata kwa kufyatua matofali likizo nzima. Juu yake paliandikwa 50,000. Tuliacha kitabu cha fizikia, tukaifanya hiyo kuwa kitabu. Nikawauliza: ikiwa volti za ndani ni 3.7, chombo hiki chapaswa kuwa na wati-saa ngapi? Wakapiga hesabu, wakapata 185. Nikawaambia kwamba betri nzuri za lithiamu za namna hiyo hubeba kadiri ya wati-saa 250 kwa kilo moja, na mara nyingi hazifiki hapo. Basi uzito wa chombo hiki uwe gramu ngapi? Wakasema, usipungue gramu 700. Tukaiweka juu ya mizani ya maabara: gramu 310, pamoja na ganda lake. Kisha tukaijaza mpaka pomoni, tukaitumia kuijaza simu yangu ya miliampea-saa 5,000. Iliijaza mara mbili, ikazimika. Hata tulipoihesabia umeme uliopotea njiani, hatukupata zaidi ya 14,000. Kijana alikuwa ameuziwa tarakimu.

Nakumbuka jinsi alivyonyamaza. Hakulia, kwa sababu wavulana wa kidato cha tatu hawapendi kulia mbele ya wenzao. Aliirudisha mkobani polepole, akaketi. Nami nikaona kwamba nimewapa darasa zima somo zuri kwa gharama ya mmoja wao. Tangu siku hiyo nimelifanya somo hilo kwa betri yangu mwenyewe. Lakini nawaambia wote: msiamini namba iliyochapwa kubwa, tafuteni ile ndogo ya wati-saa, kisha pimeni uzito. Mashirika ya ndege yenyewe huangalia wati-saa. Betri ya namna hiyo haichukuliwi katika mizigo ya chini ya ndege, na ile inayozidi wati-saa 100 haipandi na abiria ila kwa idhini. Betri yenye 50,000 za kweli isingeruhusiwa kupanda ndege na abiria. Muuzaji aliyeandika tarakimu hiyo alijua kwamba mnunuzi wake hasafiri kwa ndege, wala hana mizani.

Ubaya wa tatu ni kufuli. Siku hizi kuna taa za jua na betri ambazo mtu hulipa kidogo kidogo kwa simu, na siku asipolipa, chombo hujifunga kwa amri inayotoka mbali. Sikatai kwamba mkopo huo umewafikishia wengi taa ambazo wasingeweza kuzinunua kwa mkupuo. Mfanyabiashara ana haki ya kulipwa. Lakini nina mwanafunzi wa kike ambaye mama yake aliugua wiki moja mwezi wa Novemba, wakati wa mtihani wa kidato cha nne. Mama asipofanya kazi, simu haina fedha. Simu isipokuwa na fedha, taa hufungwa. Jua la Turkana liliwaka mchana kutwa, kibao kilipokea, betri ikajaa, taa ilikuwa nzima, na binti akaketi gizani. Hapakupungua kitu isipokuwa ruhusa. Katika giza la kale mtu alikosa nuru kwa sababu haikuwapo. Giza hili jipya lakaa pamoja na nuru ndani ya sanduku moja. Nasema sheria yapasa iseme kwamba deni lidaiwe kwa kila njia ya halali, lakini mwanga mmoja mdogo wa kusomea usifungwe kamwe.

Ubaya wa nne waja baada ya betri kufa, na hapa hali ya hewa yetu huharakisha mauti. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kujazwa katika joto linalozidi nyuzi 45. Lodwar kivulini mchana ni kama nyuzi 35. Chini ya mabati, au juu ya mchanga penye jua kali, ni zaidi sana. Betri iliyoahidiwa kuishi miaka kadhaa hufupishwa umri wake. Baadaye huenda wapi? Huenda lagani, huenda shimoni nyuma ya nyumba, huenda mikononi mwa watoto wanaoipasua kuona kilichomo. Tusiseme kwamba madhara hayo ni ndoto. Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za risasi kiliwatia wakazi sumu, na mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2022 Kenya ilitunga sheria ya udhibiti wa taka inayomtwika mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa wajibu wa mabaki yake. Sheria hiyo ni njema. Basi ifike Kakuma kama betri zilivyofika: anayejua njia ya kutuletea zikiwa nzima asijifanye hajui njia ya kuzichukua zikiwa maiti.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: Waturkana ni wafugaji, waya haumfuati mbuzi. Kwa mchungaji anayehama na mifugo yake maneno hayo ni kweli, na kwake yeye taa ya kubebeka si kisingizio hata kidogo, ni chombo kinachomfaa kuliko vyote. Apewe iliyo bora, yenye wati-saa za kweli na isiyo na kufuli. Lakini Lodwar haihami. Hospitali yake haihami, shule zake hazihami, na soko lake hukutwa asubuhi pale pale lilipoachwa jioni. Kakuma nayo, ambayo kambi yake ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wapatao 300,000. Miji mingi ya Kenya yenye nguzo na waya haina hesabu hiyo. Watoto waliozaliwa hapo mwaka wa kwanza sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao shabaha yake ni kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji waishi pamoja. Mahali panapoitwa mji pasiangazwe kama hema.

Wa pili atasema: waya ni ghali, na kaunti ni pana, zaidi ya kilomita za mraba 68,000 kwa watu 926,976 waliohesabiwa mwaka 2019. Hesabu hiyo naiheshimu. Lakini nauliza swali moja. Mwaka 1991 bwawa la Turkwel lilikamilika, lenye uwezo wa megawati 106, juu ya mto ule ule unaopita Lodwar. Umeme wake ulipelekwa kusini, na kwa miaka mingi baada ya hapo Lodwar iliendelea kuwashwa na mitambo ya dizeli. Mwezi wa Julai 2019 mashine 365 za upepo zilifunguliwa rasmi upande wa pili wa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, zenye uwezo wa megawati 310, na njia ya waya ya zaidi ya kilomita 400 ikajengwa kuuchukua umeme huo mpaka Suswa. Basi waya hupita jangwani, na jangwa halikuuzuia. Ghali ilivumilika kwa kuondoa umeme kaskazini. Mbona haivumiliki kwa kuuleta?

Wala sidai waya mrefu peke yake. Jua letu ni utajiri. Panapokuwa na mtambo wa jua wa kijiji, wenye betri kubwa zilizowekwa kivulini, zikatunzwa na fundi, na waya mfupi ukaingia kila nyumba, umeme hushuka bei, na betri huishi maisha yake yote. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa umeme wa jua wa kaunti 14 za Kenya zilizoachwa nyuma, Turkana ikiwa mojawapo. Kwa hiyo jambo hili halikosi njia. Linakosa watu wa kulidai bila kuchoka.

Wa tatu atasema kwa upole: lakini mwanga si mmepata? Ndiyo, tumepata mwanga. Sasa tuone usichoweza. Betri ya mfukoni haisagi mahindi. Haivuti maji kisimani. Haigandishi barafu ya samaki wa ziwani, kwa hiyo mvuvi huuza kwa bei ya haraka kabla jua halijamharibia. Haichomelei vyuma, haiendeshi mashine ya kushonea kutwa nzima, wala haipigi picha ya mfupa uliovunjika. Maabara ya shule yangu haiwezi kusimama juu yake. Betri ndogo yamwezesha mtu kuuona umaskini wake usiku kama auonavyo mchana, lakini haimpi kazi ya kumtoa humo. Tulioambiwa tutosheke na mwanga tumeambiwa, kwa maneno laini, tusifanye kazi.

Msomaji, huenda wewe uko Lodwar au Kakuma, na huenda uko mbali, chini ya balbu ambayo hujawahi kuifikiri. Nakuomba mambo machache. Jifunze hesabu ya wati-saa, upate kujua unachouziwa. Ukinunua betri, isiweke juani, isijaze juu ya kitanda, na ikianza kuvimba usiitumie tena. Ikifa, usiitupe lagani; ihifadhi mahali pakavu, mbali na watoto, uulize ni nani mwenye wajibu wa kuichukua, na uulize kwa maandishi. Ukimwona mtu anagawa taa, mshukuru, kisha mwulize waya utafika lini. Shukrani na swali si maadui. Mtu mwungwana huweza kuyatamka yote mawili kwa pumzi moja.

Yule kijana wa kidato cha tatu angali ana hazina yake ya umeme. Kwa kisu alikwangua namba 50,000 akaandika 14,000, na huwaazima wenzake usiku wa kujisomea. Nimependa kwamba ameandika ukweli. Lakini kila nimwonapo akihesabu ni nani atakayetangulia na ni nani atakayengoja kesho, nakumbuka kwamba mto Turkwel wapita nyuma ya mji niliomfundishia kaka yake, ukiwa umekwisha fanya kazi ya kuwasha taa za watu wengine. Kijana huyo hajakosa werevu, wala bidii, wala jua. Alichokosa ni nchi iliyokubali kwamba yeye pia ni mtu wa kuunganishwa nayo.